Majibu ya damu ya herpesi yanapokuwa si ndiyo wala si hapana

Karatasi ya majibu hutoka ikiwa imekunjwa mara mbili na kubanwa kwa pini, na mtu huifungua akiwa bado amesimama karibu na dirisha la maabara. Kwenye mstari wa HSV-2 anakuta namba, tuseme 1.02, na mbele yake neno la Kiingereza, "Equivocal", yaani "yenye utata", ambalo hata aliyefika chuo kikuu linaweza lisimwambie kitu. Akiuliza, huambiwa kwamba majibu hayaeleweki na arudi baadaye, kisha hupanda daladala ya Mbagala au ya Kimara akiwa na wasiwasi mkubwa kuliko ule aliokuja nao asubuhi. Nimefanya kazi upande wa ndani wa dirisha hilo kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba jibu hilo nami nimelitoa mara nyingi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Haya ndiyo maelezo ambayo mtu huyo alistahili kupewa.

Kabla ya kuitafsiri namba, tazama kwanza ni ya kipimo kipi. Virusi vya herpesi vinavyopimwa ni vya aina mbili: HSV-1, ambavyo kwa kawaida huleta vipele vya homa mdomoni, na HSV-2, ambavyo kwa kawaida huleta malengelenge sehemu za siri, ingawa HSV-1 navyo huweza kukaa huko chini. Mkanda wa jeshi, ambao wengi huuchanganya na ugonjwa huu, husababishwa na kirusi kingine cha ukoo huohuo, kile cha tetekuwanga, na haumo katika mazungumzo haya. Damu haipimwi ili kukiona kirusi chenyewe. Hupimwa ili kuona kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Kingamwili hizo nazo zimegawanyika, na kwenye karatasi utaona herufi IgM au IgG.

Ikiwa utata uko kwenye mstari wa IgM, ushauri wangu ni mfupi: usiujengee hoja yoyote. Watu hudhani kwamba IgM huonyesha maambukizi mapya na IgG maambukizi ya zamani, lakini kwa herpesi kanuni hiyo haifanyi kazi, kwa kuwa IgM huweza kujitokeza tena kila ugonjwa unaporudi, na vipimo vyake havitenganishi vizuri HSV-1 na HSV-2. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, hakipendekezi IgM kwa kazi hii hata kidogo. Pamoja na hayo, hapa Dar es Salaam kipimo hiki bado huandikwa, hasa ndani ya kifurushi kiitwacho TORCH ambacho hupimwa kwa mama aliyepoteza mimba, kikijumuisha toksoplasma, rubela, sitomegalo na herpesi. Nimewaona akina mama waliotoka na karatasi ya namna hiyo wakiamini wamepata sababu ya mimba kuharibika, wakati mstari wenyewe wa IgM wenye utata haukuwa umethibitisha chochote.

Kipimo chenye maana ni IgG inayotenganisha aina, yaani ile inayotumia protini iitwayo glaikoprotini G, ambayo hutofautiana kati ya HSV-1 na HSV-2. Kama karatasi imeandika tu "HSV IgG" bila kutaja 1 au 2, au imeziunganisha zote katika mstari mmoja, uliza. Inawezekana umepimwa kitu ambacho karibu kila mtu mzima anacho: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 64 ya watu wote duniani walio chini ya miaka 50 wana HSV-1, na wengi wao waliipata utotoni kwa njia zisizohusiana na ngono. Kwa HSV-2, makadirio ya shirika hilohilo ni takriban asilimia 13 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Sasa turudi kwenye namba. Katika kipimo cha ELISA, njia inayotumika kupima IgG hiyo, tone la damu iliyochujwa huwekwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na kila kishimo kimepakwa protini ya kirusi. Kingamwili zikiwepo hunasa hapo. Kisha huongezwa kemikali ambayo, katika vipimo vingi, hugeuka buluu na baadaye, asidi inapotiwa kusimamisha mmenyuko, huwa njano. Kishimo cha mtu mwenye kingamwili nyingi huwaka njano kama kiini cha yai la kienyeji, cha asiyekuwa nazo hubaki karibu na maji, na kile cha mtu wetu wa 1.02 huwa na unjano hafifu unaolazimisha uinamishe kichwa ili uuone. Mashine hupima ukali wa rangi na kuugawanya kwa ukali wa sampuli maalumu ya kulinganishia iliyotoka kiwandani. Kwa hiyo 1.02 maana yake ni kwamba rangi yako imekaribiana na ya sampuli hiyo ya mpakani, basi. Si asilimia ya ugonjwa, wala si kiasi cha virusi mwilini, na hakuna binadamu mwenye nusu herpesi. Vipimo vingi huhesabu chini ya 0.90 kuwa hasi, juu ya 1.10 kuwa chanya, na kilicho katikati ndicho huitwa chenye utata, lakini viwango hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na ndiyo maana safu ya kiwango rejea imechapishwa kwenye karatasi. Isome hiyo kwanza.

Rangi hafifu huja kwa njia kadhaa. Inawezekana maambukizi ni mapya na kingamwili ndiyo kwanza zinapanda, kwa kuwa wengi huzipata kati ya wiki chache na miezi mitatu baada ya kuambukizwa. Hiki ndicho kipindi cha dirisha, kama kile tulichokizoea kwenye Virusi Vya UKIMWI, ila cha herpesi ni kirefu zaidi. Inawezekana pia huna HSV-2 kabisa, na kilichonasa kwenye kishimo ni kingamwili nyingine zinazofanana, na HSV-1 yenyewe ni mshukiwa mmojawapo. Mara chache kosa ni letu: sahani haikuoshwa vizuri, sampuli imekaa muda mrefu kwenye joto umeme ulipokatika, au tone limepungua.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, nalo ni kwamba utata hauishii kwenye 1.10. Mtu mwenye HSV-2 ya 1.6 au 2.3 huandikiwa "chanya" kwa herufi nzito, wakati miongozo ya CDC ya mwaka 2021 inataka majibu yaliyo chini ya 3.0 yathibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna tofauti, kwa sababu sehemu kubwa ya chanya hizo dhaifu si za kweli. Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, nayo iliwatahadharisha watoa huduma kuhusu majibu chanya ya uongo ya HSV-2. Kwetu Afrika tahadhari hii ina uzito zaidi, kwa kuwa watafiti waliofanya kazi Uganda na kwingineko barani waligundua kwamba mpaka wa 1.10 uliwahesabu kuwa wagonjwa watu wengi wasiokuwa nao, na baadhi yao wakapendekeza mpaka upandishwe hadi karibu 3.5. Kwa hiyo mwenye 1.02 na mwenye 1.9 wamo katika mtumbwi mmoja, hata kama karatasi zao zimeandikwa maneno tofauti.

Namba hiyohiyo pia haina uzito sawa kwa kila mtu. Chukua kipimo cha kufikirika kinachowatambua walioambukizwa 97 kati ya kila 100, na kinachowasingizia wasioambukizwa 3 kati ya kila 100. Ukiwapima watu 1,000 ambao 400 kati yao wanacho kirusi, utapata chanya za kweli 388 na za uongo 18. Ukiwapima watu wengine 1,000 ambao ni 30 tu wanacho, chanya za kweli zitakuwa 29 na za uongo pia 29, yaani unaweza kurusha shilingi ukapata jibu lilelile. Ndiyo sababu daktari makini atakuuliza kama umewahi kupata malengelenge, kama mwenzi wako anao ugonjwa huo, na ilikuwa lini. Mtu mwenye vidonda vinavyorudi mahali palepale kila baada ya miezi michache, akapata 1.05, yuko mbali sana na yule aliyepimwa kwenye kifurushi cha kabla ya ndoa bila dalili yoyote maishani. Huyu wa pili, kwa maoni yangu, hakupaswa kupimwa kabisa, na jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilisema vivyo hivyo mwaka 2016 na likarudia mwaka 2023 kwa watu wasio na dalili.

Hatua inayofuata inategemea kama una kidonda sasa hivi. Kama unacho, acha habari ya damu na uwahi hospitali kikiwa bado kibichi, ikiwezekana ndani ya saa 48, ukaombe kipimo cha kuchukua majimaji ya kidonda kwa pamba na kukitafuta kirusi chenyewe kwa njia ya PCR. Uliza mapema kama maabara ya hapo inakifanya au inapeleka sampuli kwingine. Ukianzia hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana, Mwananyamala au Temeke, daktari anaweza kukupa rufaa. Usipake GV wala mafuta yoyote kabla hujaonwa, kwa sababu zambarau ile huficha hasa kile ambacho mtabibu anataka kukiona. Usikubali pia kuchomwa sindano za antibaiotiki kwa maelezo mepesi kwamba "ni yutiai tu", maana antibaiotiki haziui kirusi. Lakini omba upimwe kaswende na VVU siku hiyohiyo, kwa kuwa kidonda sehemu za siri kinaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Majibu ya PCR yakiwa hasi kwenye kidonda kilichoanza kukauka, hayajafuta uwezekano.

Kama huna kidonda, hesabu wiki 12 kutoka siku ya mwisho unayoihofia, si kutoka siku uliyopimwa, kisha urudie IgG. Kurudia baada ya wiki moja ni kupoteza pesa. Rudia kwenye maabara ileile inayotumia kipimo kilekile ili namba ziweze kulinganishwa, kwa sababu 1.02 ya kiwanda kimoja haiwezi kupimwa mizani na 1.4 ya kiwanda kingine. Ukibaki kwenye chanya dhaifu, hapo ndipo unapohitaji kipimo cha namna nyingine. Kinachoheshimiwa zaidi ni Western blot, ambacho kwa miaka mingi kimefanywa na Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Mtu wa Buguruni hatakitegemea, lakini anaweza kumwomba daktari ELISA ya kiwanda tofauti inayotumia glaikoprotini G. Ukiwa dirishani, sema tu, "Naomba unisomee na namba, si neno peke yake." Hakuna atakayekasirika.

Wakati wa kusubiri, tumia kondomu, ambayo hupunguza hatari ingawa haiimalizi, na usijamiiane kama wewe au mwenzi wako ana kidonda au muwasho usio wa kawaida. Mjamzito amweleze mkunga majibu yake na ataje kama mumewe ana herpesi, kwa sababu hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua. Majibu yenye utata peke yake si sababu ya kupasuliwa. Wauzaji wa dawa za mitishamba wanaoahidi kukisafisha kirusi kwenye damu wapite zao, kwani dawa zilizopo, kama asiklovia, hutuliza mashambulizi na kuyapunguza bila kukiondoa kirusi.

Na tafadhali, usiifanye karatasi hii kuwa hati ya mashtaka nyumbani. Hata IgG iliyo chanya bila shaka yoyote haisemi uliambukizwa lini wala na nani, kwa kuwa mtu anaweza kukaa na HSV-2 kwa miaka mingi bila kipele hata kimoja. Niliwahi kuona mume na mke wakirushiana maneno mbele ya foleni nzima kwa ajili ya 0.97 ya mke, ambayo miezi mitatu baadaye ilisomeka 0.3.

Karatasi ya kwanza usiitupe; ipige picha ikionekana tarehe, namba na kiwango rejea. Ya pili ikija, ziweke sambamba. Namba ikishuka chini ya mpaka baada ya wiki 12 kamili, ichukulie kuwa hasi. Ikipanda kutoka 1.02 hadi 4 au 5, maambukizi yalikuwa mapya na sasa kingamwili zimekomaa. Ikibaki palepale, 1.0 kwa 1.0, na hujawahi kuwa na dalili, uwezekano mkubwa ni kwamba kishimo chako kinanasa kitu kisicho HSV-2. Mpelekee daktari karatasi zote mbili, na ukubaliane naye kwamba hutapima tena damu mpaka kidonda kitokee, kama kitatokea.