Kujinoa Sarufi ya Kiingereza kwa Mtihani wa IELTS: Anza na Kiswahili Chako

Muuguzi mmoja wa hapa Dodoma aliniletea insha yake ya kwanza ya mazoezi, kurasa mbili zenye mwandiko safi, na katika aya ya pili nikakutana na sentensi hii: "Although the government has built many schools, but the teachers are few." Nilimwomba aniambie kwa Kiswahili alichotaka kusema, naye akajibu bila kusita, "Ingawa serikali imejenga shule nyingi, lakini walimu ni wachache." Kiswahili chake hakikuwa na kasoro hata moja, na kosa la Kiingereza lilitoka humo humo. Sisi tunaruhusu "ingawa" na "lakini" vikae katika sentensi moja, kimoja mwanzoni na kingine katikati, ilhali Kiingereza hutaka ama "although" ama "but", visikutane kamwe.

Tangu hapo nimeacha kuwashauri wanafunzi wanunue kitabu kinene cha sarufi na kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne amekwisha kufundishwa kanuni hizo zaidi ya mara moja, na kinachompotosha mtihanini ni sarufi nyingine anayoijua vizuri zaidi, ambayo huingia kimyakimya kila kalamu inapokimbia. Mazoezi yenye faida ni yale yanayomwonyesha mahali lugha hizi mbili zinapoachana njia.

Kwanza ujue unachopimwa. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, sehemu ya kuandika huchukua dakika 60 na ina kazi mbili: ya kwanza hutaka maneno yasiyopungua 150 na inashauriwa ichukue dakika 20, ya pili hutaka yasiyopungua 250 kwa dakika 40, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Msahihishaji hutumia vigezo vinne vyenye uzito sawa, na sarufi ni kimoja kati ya hivyo, yaani robo ya alama. Katika mahojiano ya ana kwa ana, ambayo huchukua dakika 11 hadi 14, sarufi huchukua robo vilevile. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kigezo hicho kina pande mbili, upana wa miundo na usahihi wake. Anayeandika sentensi fupi fupi zisizo na kosa hupoteza alama za upana, na anayerundika vishazi mpaka kiima na kitenzi visahauliane hupoteza alama za usahihi. Ili kufika alama 7 kati ya 9 unatakiwa kutumia miundo changamano ya aina mbalimbali, huku sentensi nyingi zikiwa hazina kosa lolote.

Nunua kaunta buku moja na uigawe kila ukurasa safu tatu. Andika insha moja ya maneno 250 kwa dakika 40, simu ikiwa mbali, kisha umpe mtu mwenye Kiingereza kizuri akupigie mstari penye makosa bila kuyasahihisha. Mji wetu una vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, na si vigumu kumpata mwanafunzi wa lugha atakayekubali kazi hiyo kwa soda na nauli ya daladala. Sentensi zilizopigwa mstari zinakili katika safu ya kwanza na uandike marekebisho yako katika safu ya pili. Katika safu ya tatu, ambayo wanafunzi wengi hupenda kuiruka, andika sentensi ya Kiswahili iliyozaa kosa. Baada ya insha tatu au nne utagundua kwamba makosa yako yote, hata yakiwa arobaini, yana vyanzo vitano au sita tu.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni urejeshi. Kiswahili husema "Zabibu ambazo nilizinunua Majengo zilikuwa chachu," na kiambishi "-zi-" ndani ya kitenzi huzitaja tena zabibu bila kumkera mtu. Mwanafunzi akiifuata njia hiyo huandika "The grapes which I bought them at Majengo were sour," na lile neno "them" ni "-zi-" iliyovaa nguo za Kiingereza. Dawa yake ni zoezi dogo: andika sentensi kumi zenye "ambaye", "ambacho" na "ambazo" kuhusu vitu ulivyoviona siku hiyo, zigeuze kuwa za Kiingereza, kisha utafute katika kila moja "it", "him" au "them" inayorudia jambo lililokwisha kutajwa, na uifute. Wajomba wa kosa hili ni "My father he works in Mtumba", ambamo "he" ni kiambishi "a-" cha "anafanya" kilichojitenga na kusimama peke yake.

Cha pili ni sentensi shurutia. Tunasema "Ningekuwa na fedha, ningenunua kiwanja Ihumwa," tukiweka "-nge-" pande zote mbili, na walimu wetu wa Kiswahili walitusisitizia tusiichanganye na "-ngali-". Ndiyo maana mkono huandika "If I would have money, I would buy a plot" kwa uaminifu mkubwa. Kiingereza huweka "would" upande wa matokeo peke yake, na upande wa sharti hutumia kitenzi cha wakati uliopita: "If I had money, I would buy a plot." Izoeshe masikio yako sentensi hiyo kwa kuitamka kwa sauti na kubadilisha maneno machache kila mara, kwa sababu katika mahojiano hutapata nafasi ya kuifikiria kanuni.

Kiambishi "-ka-" nacho kina lake. "Mvua ilichelewa, wakulima wakapoteza mazao" ni Kiswahili kizuri, kwani "-ka-" ndiyo inayoifunga sehemu ya pili kwenye ya kwanza, na alama ya mkato inatosha. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, hivyo "The rain came late, the farmers lost their crops" huhesabiwa kuwa kosa la uakifishaji. Lazima uweke nukta, au uongeze kiunganishi kama "so" au "and". Kila unaposikia "-ka-" kichwani, simama na uulize kiunganishi kiko wapi.

Kuhusu nyakati nitasema kwa kifupi. "Naishi hapa tangu 2015" huwa "I have lived here since 2015", na "Nimekutana naye jana", kama tusemavyo mitaani, huwa "I met him yesterday", kwa sababu Kiingereza hakiruhusu hali timilifu ikae pamoja na siku iliyokwisha kutajwa. Nomino kama "information", "advice" na "equipment" hazina wingi hata kama kwetu kuna vifaa na mashauri. Kuhusu "he" na "she", ambavyo kwetu vyote ni "yeye", tiba pekee niijuayo ni kusimulia habari za dada yako kwa dakika mbili huku mwenzako akigonga meza kila unapoteleza.

Vile vineno vidogo "a" na "the" huwakatisha watu tamaa, kwa madai kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho. Madai hayo ni nusu ya ukweli. Linganisha "Nimenunua gari" na "Nimelinunua gari." Ukiisikia ya pili unajua mara moja kwamba gari hilo lilikuwa limekwisha kuzungumziwa, na kiambishi "-li-" ndicho kilichokuambia. Kwa hiyo unapoandika jina la kitu ambacho ni shamirisho, yaani kinachopokea tendo, jaribu kuitamka sentensi kwa Kiswahili, na ukiona inakubali kiambishi hicho bila kugeuza maana uliyokusudia, huenda unahitaji "the". Ukiona haikubali, na kitu ni kimoja kinachohesabika, weka "a". Kipimo hiki hakifai kwa watu, kwa kuwa tunasema "nimemwona" hata kwa mtu tusiyemjua, wala hakifai kwa majina ya jumla kama "Children need play", ambayo hayachukui chochote, lakini kitakuokoa mara nyingi kuliko orodha ya kanuni thelathini.

Kuna mahali pia ambapo Kiswahili hukusaidia waziwazi. Hakuna Mswahili atakayesema "Bei ya zabibu zimepanda." Tunajua kwamba kitenzi humfuata bwana wake "bei", hata kama "zabibu" ndiyo iliyo jirani. Watu haohao, wakiandika Kiingereza, huandika "The price of grapes have risen" kwa sababu ya jirani yule yule. Ukitia shaka juu ya "has" na "have", itamke sentensi kwa Kiswahili na usikilize ngeli ipi imekishika kitenzi, kisha uifuate.

Baada ya wiki mbili za kufuta makosa, anza kujenga upana. Chukua sentensi sahili moja kila siku, kuhusu jambo la hapa hapa, na uikuze kwa hatua. Mfano: "Farmers in Dodoma grow grapes." Ifanye ambatano: "Farmers in Dodoma grow grapes, and many of them sell the fruit to wine makers." Kisha ifanye changamano: "Farmers in Dodoma, where the rains last only a few months, grow grapes because the vine tolerates dry weather." Igeuze kuwa kauli ya kutendwa: "Grapes are grown in Dodoma." Mwisho, ipe ukinzani: "Although the region is dry, its vines are harvested twice a year," na uhakikishe "but" haikurudi kwa mlango wa nyuma. Sentensi nne mpya kutoka katika moja, dakika ishirini, na zote zimo katika kaunta buku lako. Nazipenda kuliko insha nzima inayoandikwa kila jioni bila kusahihishwa, ambayo humfundisha mtu kukosea kwa kasi zaidi.

Kwa kazi ya kwanza ya mtihani, ambayo katika IELTS ya kitaaluma (Academic) mara nyingi hutaka uelezee jedwali au grafu, chora mwenyewe grafu ya mvua ya Dodoma kwa miezi kumi na miwili. Mvua hukolea kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Juni hadi Septemba mstari hulala chini kabisa. Umbo hilo litakulazimisha kutumia "rises sharply", "falls" na "remains close to zero", pamoja na miundo ya kulinganisha, na kwa kuwa unaijua hali yenyewe, akili yote itabaki kwenye sentensi.

Programu za simu zinazosahihisha sarufi zitumie baada ya kujisahihisha mwenyewe, na kila inachokigeuza kiingize katika safu ya kwanza ukitafute chanzo chake. Ukilikubali kila rekebisho kwa kubonyeza tu, kumbuka kwamba hutakuwa na programu hiyo siku ya mtihani.

Ikiwa kituo ulichopangiwa kiko Dar es Salaam, treni ya SGR itakupa saa tatu na ushei za kukaa kitini. Usibebe kitabu kipya. Beba kaunta buku, funika safu ya pili kwa kiganja, na ujaribu kurekebisha kila sentensi kabla ya kufunua. Ndani ya chumba cha mtihani, zitenge dakika nne za mwisho za kazi ya pili, uipitie insha mara tatu kwa haraka, kila mara ukitafuta jambo moja: kwanza vitenzi na herufi "s" zake, kisha "a" na "the", mwisho viunganishi. Muuguzi wangu huanza na viunganishi, kwa sababu anamjua adui yake.