Vipande vyeusi nyuma ya jiko la kuni: visome kwanza, ndipo ufagie

Vipande vinavyodondoka kutoka kwenye bomba la moshi vinaeleza hali ya bomba hilo kabla hujapanda paa. Viokote, vitandaze juu ya gazeti, uvitazame kwenye mwanga.

Unga mkavu unaopeperuka ukipuliza ni masizi ya kawaida, brashi inatosha. Magamba ya kahawia yenye kutu maana yake bati lenyewe linaisha, mara nyingi kwa sababu mvua inaingia juu na maji yakichanganyika na masizi hula chuma. Vijiti na manyoya ni ndege. Chembe za simenti au tofali ni habari mbaya zaidi: dohani ya kujengwa inabomoka ndani. Usiwashe tena mpaka fundi mwashi aikague, kwa kuwa moto hupenya kwenye ufa na kufika kwenye kenchi.

Halafu kuna magamba magumu, meusi, yanayong'aa. Hiyo ni kreosoti, lami ya moshi, nayo huwaka. Hutokea pale moshi wenye maji mengi unapopita kwenye bomba lililopoa, ukaganda ukutani. Vyanzo vikubwa ni viwili: kuni mbichi, na tabia ya kubana hewa usiku ili moto ulale hadi asubuhi. Huku Arusha na Moshi watu hulaumu msindano. Si haki. Mabanzi ya msindano yaliyokauka huwaka vizuri kabisa, na mgrevilea mbichi utajaza bomba lami hata kama muuzaji anausifia. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji. Kuni za jikoni zinatakiwa kuwa na unyevu chini ya asilimia 20. Masika ya Machi hadi Mei hayakaushi kitu, kwa hiyo kuni za baridi ya Juni hadi Agosti zipasuliwe kabla ya mwaka kuisha, zipangwe chini ya paa huku pembeni pakiwa wazi. Ukuni ukitoa povu kwenye ncha wakati unawaka, bado.

Kusafisha

Jiko lipoe saa 24 kamili. Tandika turubai, ziba mdomo wa jiko kwa kitambaa kilicholoweshwa, zima feni. Vaa barakoa, miwani na glavu. Masizi si uchafu wa kawaida: tangu 1775, Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alionyesha kwamba yanawapa saratani wasafisha dohani.

Anza na kiwiko, yaani kona ya bomba. Moshi hupunguza mwendo pale unapokata kona, na sehemu kubwa ya kazi mara nyingi iko hapo na kwenye kipande chochote kilicholala. Andika namba kwa chaki kwenye kila kipande kabla ya kufungua skrubu, vinginevyo utahangaika kurudishia. Vitoe nje, vigonge kwa kipande cha mbao, kisha pitisha brashi ya waya ya duara yenye upana sawa na bomba; majiko mengi hutumia inchi 4 au 6. Ukikosa brashi, kunja gunia la katani, lifunge kwa waya mpaka libane ndani ya bomba, ulifunge kamba pande zote mbili, mtu mmoja juu na mwingine chini. Bila kamba ya pili likikwama umepata tatizo jipya. Gunia huondoa masizi, lami haliiwezi.

Lami iliyokomaa huteleza chini ya brashi. Usijaribu kuiunguza kwa moto mkali wala kumwaga mafuta ya taa. Badilisha kipande, bati ni rahisi kuliko paa. Fundi bati akikutengenezea kingine, muulize geji: namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 24 inafaa, geji 30 ya kuezekea itatoboka mapema. Vipande vya zamani vibonyeze kwa kidole gumba, kinachobonyea kitupwe.

Wakati wa kurudishia, ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini, kwa skrubu tatu kila kiungo. Mafundi wengi hugeuza, wakidhani wanazuia mvua. Matokeo yake lami hutiririka nje ya bomba na kuchora michirizi ukutani. Ukiiona michirizi hiyo, bomba limefungwa kichwa chini.

Kwenye paa angalia kofia na wavu. Matundu ya wavu yawe kama sentimita moja na nusu. Madogo zaidi huziba kwa masizi. Bomba lipite paa kwa sentimita 90, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, la sivyo upepo utarudisha moshi na vumbi sebuleni. Ukikuta nyuki, mwite mrina asali.

Majivu yaende kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, iwekwe nje juu ya udongo, kamwe si kwenye kiroba: kaa lililofunikwa na majivu hukaa hai siku kadhaa. Majivu ya kuni safi mwaga kwenye migomba. Masizi na lami, shimo la taka.

Msimu wa baridi kagua kila mwezi. Kwaruza ndani kwa msumari. Utando ukifika milimita 3, safisha. Na kama watu wa nyumba nzima wanaumwa kichwa moto ukiwaka, tokeni nje mara moja, maana kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokanayo na moto, haina harufu.

Bomba likinguruma na cheche zikaruka juu ya paa, lami imeshika moto. Funga mlango wa jiko na tundu la hewa, toa watu, piga 114 kwa Zimamoto. Usimwage maji ndani. Chuma chenye moto hupasuka na mvuke huunguza. Hata moto ukizimika wenyewe, usiwashe tena kabla hujafungua bomba lote, kwani viungo huachia na nyufa zake huwezi kuziona kwa nje.