Somo: Kurekodi mchezo wa redio wa mashabiki kutokana na tamthilia ya anga iliyokatizwa

Wadau, somo hili ni la wanaotaka kuendeleza kwa sauti pekee tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ambayo kituo chake kiliikatiza. Tunalenga sehemu moja ya dakika 15, waigizaji watano, kila mmoja akirekodi nyumbani kwake. Usianze na msimu mzima. Miradi ya namna hii haifi kwa kukosa hadithi. Hufa pale wahusika wanapokuwa kumi na wawili na mmoja wao hajatuma sauti.

1. Chagua pa kuingilia

Tamthilia iliyokatizwa huacha nyuzi zikining'inia, na lazima ujue unashika upi. Chukua Firefly: sehemu 14 zilitengenezwa, kituo cha Fox cha Marekani kikarusha 11 mwaka 2002, tena kwa mpangilio uliovurugika kiasi kwamba sehemu ya kwanza, iliyotambulisha wahusika, ilirushwa mwishoni. Mwaka 2005 ikaja filamu ya Serenity, ambamo Wash, rubani wa chombo, na mwenzake Book wanakufa. Ukimweka Wash kwenye usukani, basi hadithi yako ni ya kabla ya filamu, na hakuna mhusika anayeruhusiwa kujua siri inayofichuka humo. Wasikilizaji wa aina hii watakukamata dakika ya pili.

Stargate Universe nayo ilikoma mwaka 2011 wafanyakazi wote wamelazwa usingizi mrefu, amebaki macho Eli peke yake. Kwa mchezo wa sauti hiyo ni zawadi: mtu mmoja, chombo kitupu, hakuna umati wa kurekodi.

Ushauri wetu kwa anayeanza: tumia ulimwengu uleule, lakini chombo kingine na wafanyakazi wapya. Sikio hupokea mgeni kwa urahisi. Sauti ya kumwigiza mwigizaji maarufu hulichosha haraka.

2. Hakimiliki

Kusema "hatukusudii kuvunja haki" si ruhusa. Soma kwanza kama mmiliki ametoa masharti. CBS na Paramount, wamiliki wa tamthilia ya anga ya Star Trek, walitoa ya filamu za mashabiki wake mwaka 2016: hadithi isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, washiriki wasilipwe, isiuzwe, na michango isizidi dola 50,000. Hata kama tamthilia yako ni nyingine, hapo unaona kinachowakera wenye mali: pesa, na kazi inayojifanya rasmi.

3. Muswada

Usome kwa sauti ukiwa na saa mkononi, pamoja na nafasi za milio. Ukifika dakika 17, kata sasa, usingoje kuhariri. Kila mstari wa maneno upe namba, na kila faili lifuate namba hiyo: 014_NAHODHA_2.wav, yaani mstari wa 14, nahodha, jaribio la pili. Bila hivyo utakesha ukitafuta "ndiyo" moja kati ya faili mia mbili.

Kosa kuu la waliozoea televisheni ni hili:

RUBANI: Tazama nahodha, meli tatu za adui zinatujia kutoka kushoto!

Nani anamwambia hivyo mtu anayetazama dirisha lilelile? Andika hivi:

(Rada: mlio mmoja. Kimya. Miwili kwa pamoja.)
RUBANI: Nahodha...
NAHODHA: Zima taa. Zote.

Msikilizaji amehesabu meli mwenyewe. Tena mlio wa rada ukisikika upande wa kushoto pekee, hata neno "kushoto" halihitajiki.

4. Kurekodi

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa sababu mwangwi wa chumba ukishaingia kwenye sauti hautoki. Wengi hujidanganya kwamba programu itausafisha. Programu hupunguza mvumo wa feni. Mwangwi ikiugusa, maneno huanza kusikika kama yanasemwa ndani ya maji.

Kila mwigizaji apewe maagizo haya kwa maandishi:

- Faili la WAV (sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, mono (chaneli moja). Si MP3.
- Rekodi kati ya nguo: mbele ya kabati lililofunguliwa, blanketi zito nyuma ya mgongo. Blanketi la nyuma ndilo husahaulika, na ndilo muhimu, maana maiki nyingi husikiliza upande wa mdomo wako na ukuta ulio nyuma yako.
- Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, maiki ikae pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" ipite isiigonge.
- Kwenye kipimo cha programu, sauti ya kawaida ichezee karibu na -12 dB, sauti za juu zisivuke -6. Mstari wa kupiga ukelele urekodiwe peke yake baada ya kushusha kipimo.
- Mwanzoni, sekunde 10 za kimya. Kimya hicho ndicho sampuli ya kusafishia mvumo, na ndicho cha kuzibia mapengo baadaye.
- Majaribio matatu kwa kila mstari: la kwanza kama ulivyoelewa, la pili polepole, la tatu kama unavyotaka.

5. Kuhariri na kujenga chombo

Panga sauti kavu kwanza, bila muziki wala mlio hata mmoja. Mandhari isipoeleweka hivyo, milio haitaiokoa. Sogeza mistari ipandiane kidogo; watu wanaogombana hawasubiriani zamu. Kisha kata chini ya 80 Hz, na weka kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo) ya 3:1, si zaidi.

Sasa chombo. Rekodi mvumo wa jokofu kwa dakika mbili, ushushe oktavu moja, urudie bila mshono unaosikika: huo ni ukumbi wa injini. Kwa chumba cha usukani tumia mvumo uleule, umepunguzwa nguvu na kukatwa juu ya 400 Hz, kana kwamba unapita ukutani. Msikilizaji anajua amehama chumba bila kuambiwa. Mlango wa kuteleza ni droo ya chuma na pumzi ya kopo la hewa. Usione haya kutumia vitu vya nyumbani: mwaka 1963 Brian Hodgson wa BBC alipata mlio wa TARDIS, chombo cha kusafiri katika tamthilia ya Doctor Who, kwa kukwaruza nyuzi za piano kwa ufunguo wa nyumba.

Umbali haujengwi kwa kupunguza sauti tu. Anayeongea mbali hupoteza besi na huongezeka mwangwi. Ukishusha kipimo pekee utapata mtu aliye karibu anayenong'ona.

6. Kuchanganya na kutoa

Muziki ukae dB 15 hadi 20 chini ya maneno. Lenga -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) kwa stereo, kilele kisivuke -1 dB, kisha toa MP3 ya kbps 128. Sikiliza mara moja kwa hedifoni na mara moja kwa spika ya simu. Mvumo wa injini utapotea kwenye simu. Usiuongeze kwa sababu hiyo, utamtesa mwenye hedifoni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, somo limetulia. Simu inatosha badala ya maiki?*
Inatosha, mradi utumie programu inayohifadhi WAV na uzime usafishaji wa sauti wa simu yenyewe. Usipokee sauti zilizotumwa kama ujumbe wa sauti, zimebanwa na hazirudi. Mwambie mwigizaji atume faili kama waraka.

*Nahodha wetu ghafla amekuwa na sauti nyembamba na anaongea haraka. Tatizo nini?*
Amerekodi kwa 44.1 kHz na mradi wako unalisoma faili kama 48. Hapo sauti hupanda karibu asilimia 9, yaani semitoni moja na nusu. Usimshushe kwa mkono. Ingiza faili upya ukichagua kulibadilisha kiwango.

*Mwigizaji mmoja anasikika yuko bafuni na hawezi kurekodi tena.*
Mhamishe mhusika. Mpeleke chombo kingine aongee kwa redio: bakiza 300 hadi 3400 Hz, ongeza ukwaruzo kidogo, weka mlio wa kufungua mawasiliano. Mwangwi utajificha sehemu kubwa. Badilisha na mistari ya wenzake wanaomjibu, la sivyo watakuwa wanamtazama mtu asiyekuwepo.

*Naweza kutumia muziki wa mwanzo wa tamthilia yenyewe, sekunde tano tu?*
Usitumie. Huo una hakimiliki yake, mara nyingi tofauti na ya tamthilia, na mitambo ya kutambua muziki haijali sekunde. Tafuta wenye leseni ya CC0 (huru kabisa) au CC BY (huru, mradi umtaje mtunzi). Tovuti ya Freesound inazo zote mbili kwa upande wa milio, ila soma leseni ya kila faili, maana ziko pia zinazozuia biashara.

*Roboti mnamtengenezaje? Nikishusha sauti anakuwa zimwi.*
Acha kushusha. Tumia ringi modyuleta, athari inayozidisha sauti kwa wimbi jingine, uiweke karibu na 30 Hz. Ndiyo njia ya sauti za Dalek, maadui wa Doctor Who. Mwigizaji atamke polepole na kila silabi kwa nguvu sawa, maana kifaa hicho humeza konsonanti.

*Angani hakuna hewa. Mlipuko nje ya chombo tuuache kimya?*
Ubishi wa miaka yote huo! Msikilizishe kutoka ndani: kishindo kizito kinachopita kwenye ukuta wa chombo, vyombo vikitikisika, kisha king'ora. Kama mhusika yuko nje amevaa suti, acha pumzi yake na redio tu. Mlipuko atauona yeye. Sisi tusikie pumzi ikikatika.