Kuotesha Tumbaku Mwitu ya Jangwani kwa Maji ya Moshi

Mbegu za Nicotiana attenuata, tumbaku mwitu ya nyika kavu za magharibi ya Marekani kama Utah na Nevada, huwavunja moyo wengi. Wanamwagilia, wanangoja, haioti. Mmea huu huchipuka hasa baada ya moto wa nyika. Mbegu hulala ardhini miaka na miaka, na kinachoziamsha si joto la moto bali kemikali za moshi zilizoingia kwenye udongo. Basi moshi tutazipelekea sisi.

Hatua ya 1: Andaa maji ya moshi. Tumia yale yanayouzwa kama kiungo cha kuipa nyama harufu ya kuchomwa. Chagua yasiyo na chumvi wala sukari. Changanya mililita 1 na mililita 49 za maji safi. Usizidishe ukidhani utaharakisha mambo: moshi mkali huzuia mbegu kuota.

Hatua ya 2: Loweka saa 1, kisha suuza. Maabara nyingi huongeza asidi ya jibereliki (homoni ya mimea inayochochea kuota) kidogo ili mbegu ziote kwa pamoja. Nyumbani si lazima. Ninalosisitiza ni hili: tenga mbegu chache uziloweke kwenye maji matupu, uzisie kando. Ukilinganisha vitalu viwili utajua kama moshi wako unafanya kazi, na hutailaumu mbegu bure.

Hatua ya 3: Sia juu ya udongo. Mbegu ni ndogo mno, usizifukie. Tumia udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, unyunyize maji kama ukungu, ufunike kwa plastiki angavu. Joto la nyuzi 26 hivi na mwanga wa saa 16 kwa siku huzifaa sana.

Hatua ya 4: Pandikiza. Miche ikishika majani, hamishia kila mmoja kwenye chungu kirefu chenye matundu. Mwagilia udongo wa juu ukikauka. Maji yakituama, mizizi inaoza.

Hatua ya 5: Vaa glavu. Nikotini, sumu ya tumbaku, hutengenezwa mizizini na kupanda hadi kwenye majani, na hupenya ngozi ya binadamu. Watoto na mifugo wakae mbali kabisa.

Viwavi wa nondo wakubwa wakianza kula majani, usikimbilie dawa. Maua ya mmea huu hufunguka jioni na kuwaita nondo hao hao waje kuchavusha. Mmea ukishambuliwa sana na viwavi, huanza kutoa maua yanayofunguka asubuhi, yanayohudumiwa na ndege wavumaji, ndege wadogo wa Amerika wanaofyonza nekta. Ni jambo la kustaajabisha, na linafaa kuchunguzwa kwa macho yako. Hata wachavushaji wasipofika, ua hujichavusha lenyewe.

Hatua ya 6: Vuna mbegu vifuko vinapogeuka kahawia, kabla havijapasuka. Kwa walio nje ya Amerika Kaskazini, usiache hata kifuko kimoja kidondoke: ndugu yake mwenye maua ya njano, Nicotiana glauca kutoka Amerika Kusini, tayari ni gugu katika maeneo makavu ya Afrika, Kenya ikiwemo.