Fedha kando ya dhahabu kwenye IRA: anza na mzigo

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana Kiswahili chetu kina mtego hapa. Nikisema fedha, ni yale madini meupe ya pete na bangili. Za kununulia mkate nitaziita pesa. Na IRA ni akaunti ya Marekani ya akiba ya kustaafu, yenye nafuu ya kodi.

Shemeji yangu, aliyezeekea huku Marekani kama mimi, aliniuliza: "Shem, dhahabu ninayo kwenye IRA, fedha naiongezaje?" Nikamuuliza kama amefikiria mzigo. Nimefanya kazi ghalani miaka mingi, kwa hiyo jicho langu huanzia hapo. Aunsi ya dhahabu ikiwa na bei ya aunsi 80 za fedha, ukibadilisha utapata uzito mara 80, na kwa kuwa fedha ina ujazo mkubwa kwa kila kilo, itakula nafasi karibu mara 150. Sanduku moja la sarafu 500 za American Silver Eagle (sarafu za serikali ya Marekani, kila moja aunsi moja ya fedha) lina zaidi ya kilo 15 za fedha tupu. Nafasi hiyo utailipia kila mwaka. Basi kabla ya kununua chochote, mpigie msimamizi wa akaunti yako umuulize: ada ya hifadhi ni kiwango kimoja au inapanda kadiri mali inavyoongezeka? Fedha yangu itachanganywa na ya wengine au itatengwa? Kutengwa huwa ghali zaidi.

Kisha pesa. Mimi niliuza sehemu ya dhahabu iliyokuwa humohumo na kununua fedha. Kwa kuwa hakuna kilichotoka kwenye akaunti, sikudaiwa kodi. Ukitaka kuchangia pesa mpya, kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000, au 8,000 kwa aliyefika miaka 50. Ukihamisha kutoka IRA nyingine, waambie wasimamizi wapelekeane wenyewe. Hundi ikipita mikononi mwako una siku 60 tu za kuirudisha, na ruhusa hiyo ni mara moja katika miezi 12. Ukichelewa, kwenye IRA ya kawaida inahesabika kipato cha kutozwa kodi, na kama hujatimiza miaka 59 na nusu, kwa kawaida kuna adhabu ya asilimia 10 juu yake. Sarafu ulizonazo kabatini haziingii. Mchango ni pesa taslimu.

Sheria inataka fedha yenye usafi wa 999 kwa 1,000. (Dhahabu ni 995, ila Eagle ya dhahabu imeruhusiwa ingawa ni karati 22, yaani kama 917 tu. Usiniulize mantiki.) Zile sarafu za Marekani za kabla ya 1965, zenye asilimia 90 ya fedha, hazikubaliki.

Hapa ndipo nilipoliwa. Muuzaji mmoja, sauti tamu kwenye simu, alinishawishi ninunue sarafu za "proof", zile zinazong'aa kama kioo. Zinakubalika, sikudanganywa hapo. Lakini siku ya kuuza nilihesabiwa uzito tu, mng'ao wote nikaula hasara. Sasa nanunua mikuo, yaani vipande vya madini vilivyomiminwa, ya aunsi 100 kutoka kwa wasafishaji wanaotambulika, na kila mara namuuliza muuzaji bei mbili: leo unaniuzia ngapi, na leo hii ungeinunua kwangu kwa ngapi?

Ukishachagua, jaza fomu ya maelekezo ya ununuzi. Msimamizi ndiye anayelipa, na mzigo unakwenda moja kwa moja ghala la ulinzi. Usipitie kwako hata usiku mmoja. Mwaka 2021 Mahakama ya Kodi ilimtoza kodi mama mmoja aliyeweka nyumbani Eagle za IRA yake.

Kiasi? Mwezi Aprili 2011 fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi. Machi 2020 ilikuwa chini ya 12. Mimi nimeweka robo ya madini yangu, siongezi.

Shemeji alichagua sarafu badala ya mikuo. Ana sababu: akifika 73 atalazimika kisheria kutoa kiasi kwenye akaunti kila mwaka, na sarafu zinahesabika moja moja.