Majivu yamegoma kushuka kwenye hopa? Weka nyundo chini kwanza

Wakuu, kama boila yenu inachoma pumba za mpunga mnajua shughuli ya majivu yake, kila kilo 100 za pumba zinaacha kama kilo 20 za majivu na yanayobebwa na moshi yanapita kwenye hopa moja, yaani chombo kinachobanana kuelekea mdomo wa chini, iliyo chini ya saikloni (chombo kinachozungusha moshi ili majivu yaanguke) kabla ya kufika kwenye skru konveya, ile parafujo ndefu inayoyasukuma nje. Yakigoma shifti nzima inasimama, yakishuka kwa fujo mnaoga vumbi.

Kwanza jua yamegomaje. Kama hakitoki kitu kabisa, na ukigongagonga bati karibu na mdomo linalia kama debe tupu ila juu kidogo linalia puu, basi majivu yameshikana yakafanya daraja. Kama yalikuwa yanatoka vizuri mara yakakata na hopa bado imejaa, hapo katikati kumetoboka kama kisima na yaliyoganda pembeni hayana habari na wewe.

Wengi wanasema jaza zaidi, uzito utasukuma. Wapi! Majivu sio maji bwana, uzito mwingi unabebwa na kuta kwa msuguano, kwahiyo hopa iwe nusu iwe imejaa, kasi ya pale chini inabaki karibu ile ile. Kinachoamua ni mdomo. Kwa chembe kavu zinazotiririka vizuri, ukizidisha kipenyo mara mbili zinatoka zaidi ya mara 5. Na mdomo wa duara uwe angalau mara 6 ya bonge kubwa linalopita, la sivyo weka wavu juu mabonge yabaki huko. Kuta nazo ziwe zimesimama, digrii 60 mpaka 70 toka usawa wa sakafu, na kama hopa ni ya pembe nne pima kwenye kona maana pale mteremko unalala kuliko ukuta wenyewe, ndo majivu yanapoanza kuganda.

Sasa nyundo. Kila kibonyeo unachoacha kwenye bati ni kikalio kipya cha majivu, kesho utapiga zaidi. Vaibreta, kile kimota cha kutetemesha hopa, ni sawa ila iwashe geti likiwa wazi tu, ukitetemesha mdomo umefungwa unayashindilia kama mlanguzi anavyotikisa debe la mahindi ili yaingie mengi. Halafu usizime boila ukaacha hopa imejaa, yakipoa usiku yanavuta unyevu na asubuhi ni tofali. Mtu asiingie ndani kuvunja daraja, likikatika linamfunika, na ukifungua kifuniko piga kufuli swichi ya skru na ufunguo ukae mfukoni kwako. Maji kwenye majivu ya moto usithubutu, mvuke unalipuka usoni.

Kupunguza au kuongeza kasi ya majivu je? Sio kwa geti la kuteleza! Hilo ni la kufungua lote au kufunga, ukiliacha nusu umejitengenezea mdomo mdogo, daraja linarudi. Kasi ipunguze kwenye mota ya skru au ya valvu ya kuzunguka, ile yenye gurudumu la vyumba vinavyojaa juu na kumwaga chini. Valvu ikikimbia sana vyumba vyake havipati muda wa kujaa, unaweza kushangaa umeongeza kasi na majivu yamepungua. Skru nayo, ikiwa nafasi kati ya meno ni sawa mwanzo mwisho inavuta majivu ya nyuma tu, mbele yanalala, mwambie fundi aongeze nafasi kidogo kidogo kuelekea upande majivu yanakotokea.

Na kabla hujabadilisha chochote angalia hewa. Saikloni inavutwa na feni, pakiwa na upenyo chini hewa inapanda na kuyarudisha majivu juu. Chukua kipande cha tishu ukipitishe kwenye maungio yote, kikinyonywa hapo pana tundu. Sisi tulihangaika wiki mbili, tumeshapanua mdomo na kubadili mota, kumbe raba ya kidirisha cha kukagulia ilikuwa imechanika, upenyo wenyewe hata kidole hakipiti.