Kuondoa oili iliyotuama kwenye injini ya M-14P kabla ya kuwasha

Ndege ya mabawa mawili ya sarakasi kama Pitts Model 12 hutumia injini hii ya rediali (silinda zake zimepangwa kwa duara) yenye silinda 9 na nguvu farasi 360. Ikilala siku kadhaa, oili hupenya kwenye ringi za pistoni na kujaa katika silinda za chini. Oili haibanwi kama hewa. Pistoni ikiigonga, mkono wake (fimbo inayoiunganisha na krenki) hupinda. Ubaya ni kwamba mkono uliopinda kidogo huendelea kufanya kazi, kisha huweza kukatika angani.

Zima magineto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi), funga mafuta na valvu ya hewa iliyobanwa ya kuwashia injini, tia kabari kwenye magurudumu. Hata hivyo, ichukulie propela kama inayoweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote.

Izungushe kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili kuelekea upande inakozunguka kawaida. Mgandamizo wa kawaida hulegea ukisubiri kidogo. Ikigota kama imegonga ukuta, acha hapo hapo.

Usiirudishe nyuma! Ukifanya hivyo, oili husukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa, nawe utadhani tatizo limekwisha. Injini ikiwaka, huivuta tena ndani.

Fungua plagi moja ya kila silinda ya chini, weka beseni, fungua na vizibo vya kumwagia vya mabomba ya kuingizia hewa. Zungusha tena mpaka isitoke oili. Safisha plagi, zirudishe, kisha rudia mizunguko miwili.

Kuitegemea hewa ya kuwashia "ilazimishe" ni kosa: ina nguvu ya kutosha kupinda chuma.